Mintarafu ya Gia Zilizolika

Katika viungo vyote vya pikipiki hapana kilichofichika kama giaboksi. Tairi lililokwisha huonwa na kila mpita njia. Cheni iliyolegea hujitangaza barabarani mchana kweupe. Kabureta iliyoziba hufunguliwa kwa bisibisi na spana, ikasafishwa kwa petroli, ikarudishwa mahali pake kabla chai haijapoa. Walakini gia, ambazo kazi yake ni kuipokea nguvu yote ya injini na kuigawa kwa kipimo kinachowafikiana na mlima, mzigo na mwendo, zimekaa ndani kabisa ya kasha la alumini, nyuma ya kranki, zikiogelea katika oili, wala hazionekani mpaka injini imeshushwa kutoka kwenye fremu, ikavuliwa kila kilicho juu yake na ubavuni mwake, kisha kasha lenyewe likapasuliwa nusu mbili.

Kwa kufichika huko gia zimedhulumiwa sana katika gereji zetu. Mwenye chombo hutoa fedha kwa moyo mweupe kununua pistoni na ringi na kuchongesha bloki, maana moshi wa buluu ameuona kwa macho yake. Ukimwambia kuwa foki moja imeungua ncha na gia inayosukumwa nayo imelika pembe, naye hajapata kuviona vitu hivyo tangu anunue chombo, hukutazama kwa tashwishi na kudhani kuwa unamtafutia gharama. Hapo fundi aliyechoka kubishana hukubali kubadilisha kile kimoja kilichovunjika waziwazi na kufunga. Mimi nashikilia neno moja katika habari hii, na nitalitetea kwa ithibati: gia haiharibiki peke yake, na anayeitoa gia mbovu akaviacha vilivyoiharibu hajatengeneza kitu, hata kama pikipiki imetoka gerejini jioni ile ile ikienda vizuri.

Ili maneno yasielee hewani, nitayasimamisha juu ya injini moja. Mwaka 1976 kampuni ya Honda ya Japani ilitoa pikipiki ya CG125, iliyokusudiwa hasa nchi ambamo pikipiki ni chombo cha riziki, hubebeshwa watu na magunia kupita kiasi chake, na oili hubadilishwa pale tu ikumbukwapo. Wahandisi wake, waliokwisha kuona jinsi kamshafti ya juu ya silinda inavyolika upesi oili inapochakaa, waliiacha, wakarejea mtindo wa kale wa fimbo za kusukumia vavu. Kamshafti ikakaa chini karibu na kranki, ikapewa pembe moja tu ya kuzihudumia vavu zote mbili. Kipenyo cha silinda kilikuwa milimita 56.5 na mwendo wa pistoni milimita 49.5, ndivyo vinavyofanya sentimita za ujazo 124. Viwanda vya China vililichukua umbo hilo na kulitoa kwa wingi mkubwa mno. Vingine vikaitanua silinda hadi milimita 62 na kuuacha mwendo wa pistoni ulivyo, ikapatikana injini ya karibu sentimita za ujazo 150. Hizo ndizo injini zilizoingia Afrika ya Mashariki chini ya majina mengi ya biashara, likiwamo SanLG, ambalo mwendesha bodaboda wa Tanzania hahitaji kuelezwa.

Ni injini njema, nami naiheshimu. Lakini huruma waliyoifanyia kamshafti hawakuweza kuifanyia giaboksi, kwa sababu injini hii ina oili moja, takriban lita moja tu, na lita hiyo hiyo ndiyo inayolainisha kranki, ndiyo inayoiogesha klachi, ndiyo inayozipoza gia. Haikuwa hivyo tangu hapo. Pikipiki nyingi za Uingereza za zama zilizopita zilikuwa na giaboksi katika kasha lake mbali na oili yake mbali, ikiunganishwa na injini kwa cheni. Hata Triumph, kampuni yenye sifa kuu siku hizo, haikuanza kuvitia injini na giaboksi katika kasha moja kwa pikipiki zake za silinda mbili mpaka mwaka 1957. Kasha moja lina faida ya wepesi na ya bei, lakini lina hukumu yake pia, kwamba unga wa chuma unaotoka katika meno ya gia haukai na gia. Husafiri na oili hadi kwenye beringi za kranki na kwenye kuta za silinda. CG haina chujio la karatasi. Ina wavu wa chuma unaokamata vipande vikubwa, na kikombe kilicho kwenye ncha ya kranki, ambacho kwa kuzunguka kwake huutupa uchafu mzito ukingoni ukagandamana humo. Fundi akikifungua kikombe hicho akakuta tope la kijivu linalometameta kwenye ncha ya kidole, ameshaambiwa nusu ya habari kabla hajaigusa gia yoyote.

Natuingie ndani sasa, maana asiyejua gia zinavyofanya kazi hawezi kujua zinavyokufa. Katika giaboksi ya namna hii zipo shafti mbili zilizolala sambamba. Moja hupokea nguvu kutoka kwa klachi. Ya pili huipeleka kwenye sproketi ya mbele, na kutoka hapo kwa cheni hadi gurudumu la nyuma. Juu ya shafti hizo gia zimepangwa jozi jozi, kila gia ya shafti hii ikiwa imeumana na mwenzake wa shafti ile saa zote, hata chombo kikiwa kimesimama katika nyutro. Watu wengi hudhani kuwa mguu unapobonyeza gia meno fulani huachana na mengine huumana. Sivyo, meno ya ukingoni hayaachani kamwe. Katika kila jozi gia moja imefungwa na shafti yake, na ya pili huzunguka huru juu ya shafti yake bila kuishika, mpaka gia ya jirani, inayoteleza juu ya mifereji ya shafti hiyo, isukumwe upande na kuikamata kwa meno ya ubavuni. Meno haya ya ubavuni ni mafupi na manene, machache kwa kila gia, nayo huingia katika matundu au baina ya meno ya gia ya pili na kuilazimisha izunguke pamoja na shafti. Kinachoisukuma gia ni foki, chuma chenye panda mbili kilichokaa katika mfereji wa kiuno cha gia. Na kinachoisukuma foki ni dramu, pipa dogo lililochongwa mifereji ya kupinda, linalogeuka hatua moja kila mguu unapobonyeza.

Katika giaboksi iliyotengenezwa kwa ustadi meno ya ubavuni hayakukatwa wima. Uso wake umeinamishwa nyuzi chache kwa ndani, mfano wa ndoana, ili nguvu ya injini inapoyakaza yazidi kuvutana. Maadamu pembe hiyo ni kali, dereva anaweza kupandisha mlima mrefu na abiria nyuma na gia isitikisike mahali pake. Lakini tuseme klachi haiachii sawasawa, au dereva ana tabia ya kubadilisha gia bila kuivuta klachi. Kila mara meno ya ubavuni hugongana kona kwa kona kabla ya kuingiana, na kila mgongano huondoa chembe. Kona kali huwa ya mviringo. Kona ikishakuwa ya mviringo, mwinamo ule wa kuvutana umepotea, na nguvu ile ile iliyokuwa ikizikaza gia mbili sasa inazisukuma mbali. Gia inataka kutoka. Kinachoizuia ni foki peke yake, ambayo haikuumbwa kuzuia kitu, iliumbwa kusukuma kwa muda mfupi na kupumzika. Basi ncha ya foki husuguana na ukuta wa mfereji wa gia bila kukoma, kilomita baada ya kilomita, ikapata moto, ikageuka rangi, ikapungua unene, mwisho ikapinda. Na foki iliyopinda au kupungua haiifikishi gia mahali pake kamili. Meno ya ubavuni hushikana kwa ncha tu badala ya uso mzima, yakalika mara mbili ya kwanza. Foki inaiua gia, na gia inaiua foki.

Ukiiondoa gia kama hiyo, ukaipangusa mafuta na kuigeuza mwangani, utaona dhahiri. Uso uliopasa kuwa mbapa na wa rangi ya kijivu iliyofifia una mstari unaong'aa ukingoni, mahali kona ilipokuwa, na ukipitisha ukucha juu yake ukucha hauzuiliwi na chochote. Tazama na upande wa pili wa jino lile lile: mara nyingi ni mzima kabisa, kona yake ingali inakwaruza ngozi, kwa kuwa upande huo hufanya kazi pale tu dereva anapofunga mafuta na injini kuzuia mwendo. Kisha chukua foki. Nyeupe ya feleji huwa imepita katika manjano ya majani makavu hadi buluu ya usiku kwenye ncha moja, na panda moja ikawa nyembamba kuliko ya pili kiasi cha kuonekana bila kipimo.

Katika gereji moja ya Temeke nilimkuta fundi mtu mzima, aliyezeekea katika kazi hii, akipokea pikipiki ya mkataba kutoka kwa kijana aliyekuwa na haraka.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Habari za barabarani?"

"Njema, ila gia ya tatu inachomoka. Nikiwa na abiria, nikiongeza mafuta kidogo tu, inatoka yenyewe. Bosi amesema ubadilishe hiyo moja tu, na jioni anataka hesabu yake."

"Gia ya tatu nitaitoa," alijibu fundi, huku akiibinya klachi na kuiachia mara kadhaa na kuitazama. "Lakini kilichoiua nikiache humo humo?"

Kijana hakuwa na jibu, na simu ikapigwa kwa bosi, na baada ya maneno marefu ambayo nusu yake yalikuwa juu ya fedha na nusu juu ya uaminifu, bosi aliridhia chombo kilale. Fundi yule hakuwa ameshika spana bado. Alikuwa amekwisha kugundua kuwa mkono wa klachi ulikuwa na mchezo mkubwa mno kabla haujaanza kuvuta, ambapo milimita 10 hadi 20 kwenye ncha zingetosha, na kwamba kwa hiyo klachi haikuwa ikiachia kamili hata dereva akiubana mkono hadi mwisho. Alikuwa amekwisha kuishika cheni katikati na kuiona imekazwa kama isivyopasa. Sababu mbili kati ya zilizoiua gia ya tatu zilikuwa nje ya injini, zinaonekana na kila mtu.

Juu ya kuifungua injini sitakaa sana, kwa kuwa mafundi wanaijua na wasio mafundi hawataifanya. Hedi, bloki na pistoni hutoka kwanza. Magneti huvutwa kwa pula yake wala haipigwi. Klachi, gia ya kranki na sproketi hufuata. Neno moja tu nitalisisitiza: nusu mbili za kasha hutenganishwa kwa nyundo ya mpira na kwa subira, baada ya kuhakikisha kuwa hapana boliti iliyosahauliwa, na kamwe bisibisi isiingizwe katika kiungo kuzipanua. Mkwaruzo mmoja wa bisibisi juu ya uso ule laini wa alumini ni njia ya oili kuvujia maisha yote ya injini hiyo, na hapana gasketi wala gundi itakayouziba kwa uhakika.

Kazi yenyewe ya hukumu huanza pale shafti zinapokuwa mezani, juu ya kitambaa safi, kila gia na washa ikiwa imepangwa kwa utaratibu ule ule iliotokea. Fundi mwema hutumia waya kuzitunga, au hupiga picha kwa simu, na hilo la simu nalisifu bila kusita. Aghalabu mtu huanza na meno ya ukingoni, akitafuta vishimo. Gia hizi hutengenezwa kwa feleji iliyotiwa kaboni juu ya uso wake na kugumishwa, hata ikawa na gamba gumu sana lenye unene mdogo, pengine sehemu tu ya milimita, na moyo laini ndani yake ili jino lisikatike kwa pigo. Gamba likiwa zima, jino huweza kuishi kuliko injini. Likianza kumeguka vishimo vidogo, vilivyomeguka vimo ndani ya oili vikisaga vingine, na gamba halioti tena. Hukumu ya gia yenye vishimo ni kutolewa, na mwenzake wa jozi atolewe pamoja nayo, kwa kuwa meno mawili yaliyolika pamoja yamezoeana umbo. Ukiyaachanisha, jino jipya litalazimishwa kufuata umbo bovu la mkongwe, na mlio wake utausikia kutoka mbali kabla hujaipata hasara yake.

Hapo ndipo nisipokubaliana kabisa na wale wanaochomelea meno ya ubavuni kwa moto wa umeme kisha wakayasaga kwa jiwe yakawa na kona tena. Najua kwa nini wanafanya hivyo: spea ni ghali, mwenye chombo ana dhiki, na gia iliyochomelewa huingia vizuri ikatoka gereji ikiimba. Lakini moto wa kuchomelea huuvunja ule ugumu uliotiwa kiwandani, ukaacha mahali fulani palipolainika na mahali fulani palipokauka na kuwa pa kuvunjika, na jiwe la kusagia haliwezi kuupata mwinamo ule wa nyuzi chache kwa usawa katika kila jino, hata likabaki jino moja likibeba mzigo wa wenzake. Wapo mafundi wa pikipiki za mashindano wanaoyakata upya meno hayo kwa mashine na kwa vipimo. Hao wana haki ya kufanya hivyo. Jiwe la mkononi chini ya mwembe halina haki hiyo, na gia iliyokatika jino ndani ya injini inayozunguka huweza kulitoboa kasha lote.

Foki hupimwa kwa venia au maikromita, na haitoshi kuitazama. Ncha mpya katika injini nyingi za ukubwa huu huwa karibu na milimita 5, na kitabu cha kiwanda hutaja kikomo ambacho ikishuka chini yake haifai tena. Lakini hata iliyo juu ya kikomo, ikiwa imegeuka buluu, mimi ningeitoa, kwa sababu feleji iliyokwisha kubadilika rangi kwa moto imepoteza sehemu ya ugumu wake na itakwenda mbio kuelekea kikomo hicho. Hulazwa pia juu ya kioo kuona kama imepinda. Kisha hutazamwa kipini chake kinachokaa katika mfereji wa dramu, na mfereji wenyewe, na fimbo inayopitia foki. Dramu kwa kawaida huishi muda mrefu. Springi ya kizuizi kinachoishikilia dramu katika kila hatua ni kitu cha bei ndogo sana, na ikichoka, gia yoyote huweza kuonekana mbovu ilhali ni nzima. Nani atakayeifungua injini nzima akairudisha springi hiyo ya zamani?

Swali hilo hilo ni la saklipu, zile pete ndogo zinazoshikilia gia zisihame juu ya shafti. Saklipu ikifunguliwa kwa koleo imetanuliwa, na iliyotanuliwa hairudii mkazo wake wa kwanza. Hubadilishwa zote, bila kuuliza ipi ni nzima. Tena ina pande mbili zisizolingana, jambo ambalo wengi hawalioni: kwa kuwa hukatwa kwa pigo la mashine, upande mmoja una kona kali na wa pili una kona iliyolainika, nao upande laini ndio unaoelekezwa kwenye gia au washa inayosukuma, ili ule mkali ubanwe dhidi ya ukuta wa mfereji na usipande kutoka. Saklipu iliyotiwa kinyume huonekana sawa kabisa mezani. Washa nazo hurudishwa kila moja mahali pake na kwa unene wake, kwani hizo ndizo zinazoamua gia itacheza kiasi gani upande kwa upande. Washa moja iliyosahauliwa hutosha kuifanya foki mpya ianze kuungua siku ya kwanza.

Beringi za shafti huoshwa kwa petroli zikakaushwa, kisha zikazungushwa taratibu kwa kidole karibu na sikio. Iliyo nzima haina neno. Iliyoliwa ina mkwaruzo unaousikia kwa ncha ya kidole kabla ya sikio, na katika pikipiki ile ya Temeke ilikuwa ni ile iliyo nyuma ya sproketi, ndiyo iliyobeba ule mvuto wa cheni iliyokazwa kupita kiasi. Beringi zina rehema ambayo gia hazina: ukubwa wake umekubaliwa na dunia nzima na kuchapwa ubavuni kwa namba. Namba 6204, kwa mfano, ni tundu la milimita 20, kipenyo cha nje 47 na unene 14, iwe imetoka Japani, Uswidi au China, na herufi C3 ikifuata namba ina maana kuwa nafasi ya ndani imeongezwa kidogo, nayo isipuuzwe mtu anapokwenda dukani. Kuziingiza ni kazi ya moto kuliko ya nyundo. Alumini hutanuka takriban mara mbili ya feleji kwa joto lile lile. Tundu la milimita 47 lililopashwa nyuzi 80 zaidi ya hewa ya kawaida hupanuka kwa sehemu 8 au 9 za mia ya milimita, na hizo zinatosha beringi kushuka yenyewe kwa uzito wake. Kasha hupashwa sawasawa mpaka tone la maji likitiwa juu yake liruke, na kama ipo friji jirani, beringi nayo hulazwa humo usiku. Anayelazimika kugonga, agonge pete ya nje peke yake. Akigonga ya ndani, pigo hupita katika gololi na kuacha alama zitakazoanza kulia kabla ya mwezi kwisha.

Kwenda kununua gia katika maduka ya Kariakoo na Gerezani kunahitaji utulivu kuliko fedha. Pikipiki zenye jina moja na umri mmoja huweza kuwa na gia za idadi tofauti za meno, kwa kuwa viwanda vilivyoiga CG havikuiga kwa mkono mmoja. Basi gia ya zamani huchukuliwa mkononi, imeoshwa, na pale kaunta huhesabiwa meno ya ukingoni, meno ya ubavuni na mifereji ya tundu, kipenyo kikapimwa kwa venia, na ile mpya ikalazwa juu ya ya zamani ubavu kwa ubavu. Muuzaji muungwana hakasiriki kwa hilo. Juu ya feki na orijino yamesemwa mengi, na kwa jicho peke yake si rahisi kuamua. Hata hivyo mwinamo wa meno ya ubavuni unaweza kuutazama kwa kuweka ukingo ulionyooka wa rula dhidi ya uso wa jino, na gia isiyo na mwinamo kabisa, ambapo ya zamani ilikuwa nao upande usiolika, mimi nisingeinunua kwa bei yoyote.

Baada ya yote hayo ipo saa moja ambayo naiona kuwa ndiyo tukufu kuliko zote katika kazi hii, nayo ni saa ya kujaribu kabla ya kufunga. Shafti mbili, foki na dramu huwekwa katika nusu moja ya kasha, oili ikamwagiwa, na fundi akaizungusha shafti kwa mkono wa kulia huku wa kushoto ukiigeuza dramu hatua kwa hatua: ya kwanza, nyutro, ya pili, na kuendelea hadi ya mwisho, kisha kurudi. Gia hazipendi kuingia zikiwa zimesimama kabisa, na wengi wameifungua tena injini nzima kwa kutolijua hilo. Shafti sharti izunguke. Kila gia ikiingia hutazamwa kama meno ya ubavuni yameingia kwa kina chake chote. Nusu ya pili ya kasha hufuata, boliti zikakazwa kwa zamu na kwa msalaba, na shafti zikazungushwa tena. Zikiwa zimekuwa nzito kuliko kabla ya kukaza, kuna washa iliyozidi au beringi isiyofika chini, na hapana oili wala mwendo utakaolirekebisha hilo; hufunguliwa. Yule fundi wa Temeke alifungua. Saa nzima ilipita, kijana akiwa amekaa juu ya tairi kuukuu bila kusema, na ilikuwa ni washa.

Injini ikirudi barabarani, oili ya kwanza imwagwe baada ya kilomita mia chache tu, kwa kuwa vipya vinapozoeana hutoa unga, na wavu na kikombe vifunguliwe kuona kilichomo: unga laini ni desturi, kipande chenye kona si desturi. Oili itakayotiwa iwe ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA kwenye chupa, maana zile za magari zenye vilainishi vya kupunguza msuguano huifanya klachi iteleze, na dereva anayeona klachi inateleza huukaza waya, na hapo tumerudi kwenye klachi isiyofanya kazi yake. Waya wa klachi upimwe kila juma. Cheni ipewe mchezo wa sentimita 2 hadi 3 katika pikipiki nyingi za namna hii, nao upimwe mtu akiwa amekaa juu ya chombo, kwa kuwa nyuma ya chombo ikishuka kwa uzito wa abiria wawili na gunia la mkaa cheni hukaza zaidi. Na gurudumu lizungushwe pole pole wakati wa kupima, kwani cheni iliyokwisha kutumika haivutiki sawa kila mahali, na pale inapokaza kuliko pengine ndipo pa kuwekea kipimo.